Filta ya kahawa: karatasi au chuma? Nusa kwanza

Malalamiko ninayoletewa kuhusu filta za chuma yanafanana mpaka yanachekesha. Mwezi wa kwanza raha tupu, mtu anatamba kwamba ameachana na kununua karatasi, ikifika mwezi wa tatu anauliza mbona kahawa imebadilika ladha, au hawa wauzaji wa kahawa nao wameanza kuchakachua? Kahawa haina kosa dada yangu. Nusa filta yako.

Hili muuzaji hakwambii. Filta nyingi za chuma, zile za koni, zina nyavu mbili, ya nje matundu makubwa ya kushikilia na ya ndani laini kabisa. Sasa kahawa ina mafuta, na katikati ya hizo nyavu ndo yanapojificha, brashi haifiki, sponji haifiki, unaosha panang'aa unajiona msafi kumbe ndani kuna mafuta ya mwezi uliopita na kila asubuhi unayamwagia maji ya moto yanashuka kwenye kikombe chako. Harufu yake ni ile ya mafuta ya chipsi yaliyokaangiwa wiki nzima. Kama huamini weka filta tupu juu ya kikombe cheupe, mimina maji ya moto bila kahawa, onja hayo maji. Halafu iangalie kwenye mwanga wa taa, pale kwenye ncha utakuta matundu yameziba, pitisha tishu nyeupe uone inatoka na rangi gani, tena inateleza.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni karatasi, na naitaja kwa jina: Hario V60 nyeupe, saizi 02, kwenye pakti imeandikwa VCF-02-100W. Ndiyo, naipendelea Hario na sijifichi. Pakti ina karatasi 100, ukinywa mara moja kwa siku ni zaidi ya miezi mitatu. Hiyo W ni nyeupe, ukiona M ni ya kaki, siyo mbaya ila usipoisuuza sana na maji ya moto kahawa inaonja boksi. Kunja ule mshono wa pembeni ndo uiweke kwenye dripa, yaani kile kikoni kinachokaa juu ya kikombe kushikilia filta, suuza, mwaga maji, weka kahawa. Ukimaliza machicha na mafuta vyote vinaenda kwenye ndoo ya taka, hakuna cha kusugua. Na kama daktari ameshakutajia kolestro, jua kwamba hayo mafuta ya kahawa yana kitu kinaitwa kafestoli, kinapandisha ile kolestro mbaya, karatasi inazuia sehemu kubwa sana na chuma inapitisha. Kahawa ya dele nayo haipiti kwenye karatasi, ila kile kikombe chake kidogo nacho utakilinganisha na magi lako la nusu lita?

Namba mbili Melitta, karatasi pia, ila umbo lake siyo koni kali kwa hiyo inataka dripa yake. Huyu Melitta alikuwa mama wa nyumbani kule Dresden, Ujerumani, mwaka 1908 alichoka na machicha kwenye kikombe, akachukua karatasi ya kukaushia wino kwenye daftari la mwanae na kopo alilolitoboa kwa msumari, biashara ikaanzia hapo. Karatasi za Chemex ni nene na kahawa inatoka safi mno, ila bei yake hapana, hizo waachie wenye nazo.

Chuma ukiikazania basi chukua ya bati moja, hasa kile kisahani cha AeroPress, lile bomba la plastiki la kusukuma kahawa kwa mkono, maana unakisugua pande zote mbili na hakuna pa kujificha. Kahawa yake nzito, ina mwili, kuna watu wanaipenda hivyo na siwabishii. Ila saga chenga chenga, hizi za pakti za supamaketi nyingi zimesagwa laini utakunywa tope. Ichemshe mara kwa mara na beking soda, siki haitoi mafuta, siki ni ya ule ukoko mweupe wa maji ya kisima.

Koni ya nyavu mbili naiweka mwisho hata ukipewa bure. Kitambaa na chujio la chai vinafanya kazi, ni vya bei rahisi, basi.

Sasa wauzaji. Unaona picha nzuri, unauliza bei, "njoo DM". Unaenda DM, "upo wapi mpenzi?" Bei ya filta inahusiana nini na mi nipo Tegeta au Masaki? Mmoja aliniletea karatasi 40 kwenye kimfuko cha plastiki cha kubana, kazihesabu kwa mkono, bei ya pakti zima. Mwingine anauza zile za bapa za mashine kubwa anakwambia "hizi zinaingia dripa yoyote", haziingii, zinajikunja katikati ya kumimina na machicha yote ndani ya kikombe. Na ukiwa na dripa ya 01 usikubali kuuziwa 02 eti utaikunja, itakuzidi juu.

Anayejua duka lolote Dar lenye pakti la 100 halijafunguliwa, na bei imeandikwa wazi bila kuulizana tunaishi wapi, anitajie.