Kikompyuta cha sinema sebuleni: nilitaka kukirudisha, mpaka kigugumizi cha picha kilipokwisha

Usiniangalie mimi, angalia TV iliyo nyuma yangu. Kamera ya filamu inapita polepole kutoka kushoto kwenda kulia, inaufuata ukuta. Umeona? Ukuta hautelezi, unaruka. Unakwenda, unasita, unakwenda, unasita. Kama hujaona, nairudisha... Hapo! Pale kwenye mlingoti wa taa. Kigugumizi hicho ndicho kilichonifanya siku ya tatu nikirudishe kikompyuta hiki kwenye boksi lake na kuanza kutafuta risiti. Leo ni wiki ya sita, bado kipo hapa chini ya TV na hakiondoki. Nitakuonyesha kilichobadilika, na hata kama kifaa chako si hiki usiende mbali, maana tatizo hili huenda unalo sebuleni kwako sasa hivi na hujalipa jina.

Karibuni sana. Sifa za karatasini sitazisoma, mnazijua. Prosesa ni Intel N100, ile iliyotoka 2023, viini vinne, wati 6. Nyinyi wenyewe ndio mmekuwa mkiniandikia kila siku niijaribu. RAM gigabaiti 8, SSD ndani, feni hakuna. Jina la mtengenezaji silitaji, kwa sababu sanduku hilihili nimeliona likiuzwa kwa majina matatu tofauti, nembo tu ndiyo inabadilika. La maana kwetu wapenda filamu ni kwamba prosesa hii ina sehemu maalumu ya kufungua video za HEVC na AV1, mitindo miwili ya kubana video, hivyo 4K inacheza na vile viini vinne havina hata jasho. Hilo limeisha.

Ila hili la kutokuwa na feni lazima niliseme. Zima taa, filamu ifike kwenye tukio la watu wawili kunong'onezana, halafu usikie ukimya ule. Hakuna mvumo wowote. Nilikuwa na kikompyuta kingine chenye feni ndogo kama sarafu, kilikuwa kinapiga kelele kila filamu inapotulia. Hapa kimya kabisa. Mkono juu ya kifuniko baada ya saa mbili: vuguvugu.

Nimefuta Windows nikaweka LibreELEC, yaani Kodi, programu ya kuchezea filamu, na mfumo mdogo tu wa Linux wa kuibeba, hakuna kingine. Waliokuwepo zamani wanaikumbuka Kodi kwa jina la XBMC, ilibadilishwa jina 2014. Unaiandika kwenye flashi, unawashia humo, unafuata maelekezo, kimewaka. Lakini nisikilize vizuri: kama filamu zako zote ni za huduma za kulipia mtandaoni, baki na Windows. Kwenye Linux huduma nyingi hizo zinakushushia ubora wa picha kwa sababu ya ulinzi wa hakimiliki, na hakuna mpangilio wa kulitibu hilo. Mimi nina faili zangu kwenye diski, kwa hiyo kwangu LibreELEC ndiyo yenyewe.

Sasa, siku ya kwanza. Nimewasha, nembo imetokea, halafu giza. Nimezima, nimewasha, nembo, giza. Nikajua kimekufa. Kumbe ni kebo. Nilikuwa nimeokota kebo ya HDMI droo ya chini kabisa, ya miaka mingi. 4K ya hezi 60, yaani picha 60 kila sekunde, inahitaji njia ya gigabiti 18 kwa sekunde, kiwango kilicholetwa na HDMI 2.0 mwaka 2013. Kebo ile ilikuwa ya enzi za 1.4, ambayo mwisho wake ni gigabiti 10.2, na 4K yake inaishia hezi 30. Ukipata giza la namna hiyo, shusha picha mpaka 1080p. Ikirudi, kikompyuta ni kizima, mshukiwa ni kebo au tundu la TV. Na tundu la TV nalo likague, kwa sababu TV nyingi zinakuja tundu za HDMI zikiwa zimebanwa uwezo, mpaka uingie kwenye mipangilio ya TV ulifungulie tundu unalotumia. Nimebadilisha kebo, giza likaondoka, halijarudi.

Haya, kigugumizi. Tulieni hapa.

Filamu nyingi zinapigwa kwa fremu 24 kila sekunde, au ukitaka hesabu ya mafundi, 23.976. Kikompyuta kikiwaka kinaitumia TV picha kwa hezi 60, yaani kioo kinachorwa upya mara 60 kila sekunde. Gawanya 60 kwa 24. Mbili na nusu. Sasa kioo hakiwezi kuchora nusu! Kinachofanyika ni kwamba fremu ya kwanza inachorwa mara mbili, inayofuata mara tatu, inayofuata mara mbili, inayofuata mara tatu. Nagonga meza, sikiliza: ta-ta, ta-ta-ta, ta-ta, ta-ta-ta. Mtu akitembea kwa mwendo huo utasema anachechemea, na ndivyo ukuta ule unavyotembea. Fremu moja inakaa milisekunde 33, jirani yake inakaa 50. Watu wakizungumza wamekaa huoni kitu. Kamera ikianza kupita pembeni, jicho linashika.

Sikutaka mniamini kwa maneno. Nimechukua simu, nikaiweka kwenye mwendo wa pole wa picha 240 kwa sekunde, nikarekodi kioo cha TV. Hii hapa. Naisogeza picha mojamoja, wewe kodolea mlingoti. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane... umehama. Tena. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, bado, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili... ndiyo kwanza unahama. Nane. Kumi na mbili. Nane. Kumi na mbili. Nimehesabu dakika nzima jana usiku na haikubadilika.

Sasa tazama. Naingia Mipangilio ya Kodi, Kicheza, Video. Nashuka mpaka kipengele cha kurekebisha kasi ya skrini ifuate video. Kinakuja kimezimwa, kwa hiyo usipokitafuta hutajua kama kipo. Kama kwako hakionekani, kuna kigurudumu kidogo chini kushoto, kibonyeze upandishe kiwango cha mipangilio, vipengele vilivyofichwa vitajitokeza. Nakiweka kifanye kazi video inapoanza na inapoisha. Halafu naenda Mfumo, Skrini, kwenye orodha ya viwango vinavyoruhusiwa, natia alama 23.976, 24, 25, 29.97, 50, 59.94 na 60, kwa 1080p na kwa 4K. Menyu yenyewe nimeiacha 1080p, inafunguka haraka.

Nacheza filamu ileile, tukio lilelile. TV imekuwa nyeusi... usiogope, inabadilisha kasi, sekunde mbili tu... imerudi. Ukuta huo. Angalia mlingoti unavyopita! Jamani, angalia! Unapita kama umepakwa mafuta. Na simu tena, picha 240: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi, umehama. Moja mpaka kumi, umehama. Moja mpaka kumi, umehama. Kila fremu imepewa haki yake sawa na mwenzake.

Mara ya kwanza nilipoona hivi niliita nyumba nzima. Filamu tuliyoiona mara tano tukaiangalia upya hadi mwisho, na hakuna aliyeinuka.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, usiweke 24 kavu ukaona yatosha. Faili la 23.976 kwenye skrini ya 24 linapungukiwa kidogo kidogo, na kila baada ya sekunde 42 hivi fremu moja inarudiwa. Utakaa umetulia, mara picha inashtuka, mara imetulia tena, na hutajua kwa nini. Ndiyo maana nimetia alama zote mbili, Kodi ichague yenyewe. Ya pili, zile sekunde mbili za giza zinaweza kumeza neno la kwanza la filamu. Hapohapo kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuchelewesha kuanza. Mimi nimeweka sekunde tatu.

Kuna atakayeniambia TV yake ina kilainishi cha mwendo, hahitaji haya. Kile ni kitu kingine. Kilainishi kinabuni fremu ambazo hazikupigwa, kinazichomeka katikati, na filamu uliyoilipia inageuka sura kama tamthilia ya studio. Mimi sikipendi kabisa, nakizima TV ikitoka tu kwenye boksi. Tofauti ni TV za hezi 120 zikipokea picha kwa hezi 120, kwa sababu 120 kwa 24 ni tano kamili, haina nusu.

Nikinywa maji kidogo, habari za chaneli. Kipindi cha maswali na majibu sasa ni kila wiki mbili, siyo kila mwezi tena, na video ya kupanga maktaba ya filamu kwenye diski za nje inakuja, nimeshairekodi nusu. Kama unataka niingize swali lako, liandike hapo chini. Nasoma yote.

Sauti nitapita haraka. Kama una risiva au saundiba, washa upitishaji wa sauti ghafi ili kikompyuta kisiichezee, kiitoe kama ilivyo kwenye faili. Ukiwasha na bado inatoka stereo tu, nenda kazime kile kipengele cha kulinganisha uchezaji na skrini. Majina yao yanafanana na kile tulichowasha, lakini hiki kikiwaka, upitishaji unakufa. Na kama sauti yako inapita kwenye TV kwanza halafu ndipo saundiba, kumbuka kwamba ARC ya kawaida, ile njia ya HDMI ya kutoa sauti kwenye TV kwenda saundiba, haibebi TrueHD, sauti ya ubora wa juu ya filamu za Blu-ray. Inayobeba ni eARC. Watu wawili wameniandikia wakilaumu kompyuta zao kwa hilo, na kompyuta hazina kosa.

Kinachoniudhi mpaka leo ni rimoti. Rimoti ya TV haikiongozi kikompyuta hiki, kwa sababu hakina CEC, ile njia inayopita kwenye waya wa HDMI na kuviwezesha vifaa kuambiana washa, zima, cheza, simama. Kompyuta nyingi hazina. Raspberry Pi 4 ya 2019, kompyuta ya ukubwa wa kadi, inayo! Unaichomeka, unashika rimoti ya TV, unaongoza Kodi. Hapa ununue kipande cha USB cha Pulse-Eight cha kuongezea CEC, au utumie rimoti yenye kidongo chake cha USB, kile kipokezi kidogo cha kuchomeka. Nilichukua ya pili, na nikaumia wiki nzima. Nabonyeza chini, hakuna kitu. Nabonyeza tena, inashuka mara tatu. Nimebadilisha betri mara mbili, nimesogea karibu, wapi.

Sasa sogea uone nyuma yake. Tundu hizi za bluu ni USB 3. Hapa nimechomeka diski ya filamu, na kidongo cha rimoti kilikuwa hapa, kimegusana nayo. USB 3 ikifanya kazi inatoa kelele za redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya kidongo. Intel wenyewe walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Nilichofanya ni hiki: kebo fupi ya kurefusha USB, kidongo nimekitoa nyuma nikakileta mbele, pembeni ya TV. Bonyeza chini, kimeshuka. Juu, kimepanda. Kila mbonyezo mmoja, hatua moja. Kama kipanya chako kisicho na waya kinakwamakwama pia, anza hapo kabla hujakitupa.

Mnaniuliza kwa nini nisichukue kijisanduku cha Android nikaokoa pesa. Kwa filamu za mtandaoni, chukua, hata mimi chumbani ninacho. Lakini vingi vya bei ya chini vina tundu la mtandao la megabiti 100, na faili lililotolewa kwenye diski ya Blu-ray ya 4K linaweza kufika megabiti 128 kwa sekunde ukilivuta kwa mtandao wa nyumbani. Litaganda kwenye tukio zito, palepale ulipokuwa unapangojea. Hiki kina tundu la gigabiti, halijaganda hata mara moja.

Kwa upande wa pesa, usibabaishwe na toleo la RAM gigabaiti 16. Kwa kazi ya sinema tu 8 zinatosha. Tofauti ya bei peleka kwenye kebo nzuri na hicho kipande cha CEC, na mimi ndicho ninachoagiza wiki hii.

Ah, na lile la kifuniko kuwa vuguvugu tu mwanzoni, nalirekebisha kidogo. Wiki ya pili nilikifungia ndani ya kabati la TV, mlango umefungwa, na baada ya filamu mbili mfululizo menyu ikaanza kuvuta miguu na kifuniko kikawa hakishikiki. Kisicho na feni kinapumua kwa ngozi. Kipe hewa, kiweke juu ya kabati au uache mlango wazi. Tangu nikitoe nje hakijalalamika tena.

Ngoja niirudishe filamu pale tulipoikatisha. TV nyeusi... moja, mbili... hiyo hapo.