Pampu sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni na aliyepokea simu

"Dada, kwani ulikula nini?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa na huduma kwa wateja ya hawa walioniuzia pampu ya insulini, saa nne usiku, kipimo cha sukari kikisoma 21. Nikamjibu: wali na mchicha, wali nimeupima kwa kikombe changu cha siku zote. "Basi punguza wali." Akakata simu. Nina sukari ya aina ya kwanza tangu niko sekondari, halafu mtu anifundishe wali!

Ilikuwa jioni ya tatu mfululizo. Asubuhi 7, mchana 8 au 9, nikishakula cha usiku tu inaruka: 17, 19, sasa 21. Mdomo mkavu, chooni haupiti muda. Pampu yenyewe kimya, haijalia hata mara moja. Na ndani ya pampu kuna insulini ya haraka peke yake. Isipoingia mwilini kwa saa chache, ketoni, ile asidi ya hatari kwenye damu, zinaanza kupanda. Huyo kijana hakuziulizia ketoni kabisa. Wali tu.

Nikajichoma dozi ya kushusha sukari kwa kalamu ya insulini, nikang'oa seti, yaani plasta na mrija unaoleta dawa mwilini kutoka kwenye pampu. Kile kimrija kinachokaa chini ya ngozi kimekunjika kama ndoana. Plasta imelowa, inanuka ile harufu kali ya insulini. Kumbe dawa ilikuwa inavujia nje! Pampu inahisi mrija ukiziba, dawa ikimwagika haina habari. Nikapapasa kushoto kwa kitovu, ninapochomeka kila mara kwa mazoea: pagumu, pamevimba. Nadhani vidozi vya mchana vilikuwa vinapenya hivyo hivyo, ila dozi kubwa ya chakula cha usiku ikawa inarudi. Seti mpya nikaiweka pajani. Saa saba usiku 13, alfajiri 7.

Nilikuwa nimeandika nyota moja, nimefuta. Kifaa ni kizuri, tangu nikipate sijashtuka usiku nimelowa jasho sukari imeshuka. Nyota nne. Lakini nikimfikiria mama ambaye mtoto wake amewekewa pampu juzi tu, anapiga simu usiku ule, anaambiwa apunguze wali, naye anatii, anakaa anasubiri asubuhi... Hapana. Pampu nunueni, ila kwa hawa msinunue. Walitakiwa waseme maneno mawili tu: badilisha seti.

Leo nimepika wali tena, kikombe kile kile. Saa nne hii 8.2.