Kipimo cha maji ya bluu: kitumie kabla hedi haijafunguliwa

Gari likichemsha Tanga, jibu la kwanza gereji mara nyingi ni lile lile: "Gasketi imekatika, tutoe hedi." Huenda ni kweli: gasketi, kizibo chembamba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku (mwili wake), huweza kukatika. Lakini hedi ikishang'olewa gharama imeshaanza, hata kama ugonjwa ulikuwa mfuniko wa rejeta uliochoka. Kipimo cha gesi ya rejeta kinajibu swali hilo kabla spana haijagusa bolti. Ni kichupa cha plastiki chenye koni ya mpira chini, mpira wa kubinya juu, na kimiminika cha bluu ndani. Kinafyonza hewa iliyo juu ya maji ya rejeta. Hewa hiyo ikiwa na kabonidioksidi iliyopenya kutoka kwenye silinda, bluu inageuka kijani, kisha njano.

Kinafaa kununuliwa, hata kwa kuchangiana majirani wawili watatu. Ila kina masharti, na muuzaji wa spea hakuelezi.

Sharti la kwanza: usianze nacho. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua rejeta yenyewe uangalie maji. Kitanki cha akiba kinaweza kujaa huku rejeta ni tupu. Kagua mpira na springi ya mfuniko. Mifuniko mingi ya magari ya Japani imeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha inayoshikilia maji yasichemke hadi karibu nyuzi 120 badala ya 100, kwa hiyo mfuniko mbovu peke yake unatosha kukuchemshia gari. Washa AC uone kama feni zinazunguka. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likitembea, shaka feni. Linalotulia mjini kisha likachemsha kwenye mlima wa Mombo kwenda Soni, shaka rejeta iliyoziba au gasketi. Injini ikipata moto, gusa mipira miwili ya rejeta kwa uangalifu: wa juu ukiunguza na wa chini ukabaki baridi, themostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yapite kwenye rejeta) haifunguki au rejeta imeziba.

Themostati usikubali itupwe kwa hoja ya "huku ni joto, haina kazi." Nyingi zina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi. Ipime kwenye sufuria ya maji na kipimajoto: iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na hapo.

Hayo yote yakiwa sawa, toa kipimo. Injini ikiwa bado baridi, punguza maji ya rejeta hadi yawe sentimita 5 hivi chini ya mdomo. Washa bila mfuniko, uache hadi mpira wa chini upate moto. (Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi kwa sababu yoyote ile, mvuke unaunguza uso.) Jaza kimiminika hadi alama, kandamiza koni kwenye mdomo wa rejeta isipitishe hewa ya nje, kisha binya na kuachia kwa dakika moja hadi mbili. Kwa injini ya petroli, njano ni dalili ya gesi ya silinda. Kwa injini ya dizeli mabadiliko ni hafifu, mara nyingi yanaishia kijani.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Maji ya rejeta yakipanda na kuingia kichupani, kimiminika kimeharibika. Mwaga, suuza, weka kipya. Ekzosi inayovuja ndani ya boneti nayo inaweza kukupa njano ya uongo, kwa hiyo pimia mahali pa wazi penye upepo. Na kimiminika kilichokaa dukani mwaka mzima juani, nani anajua? Kijaribu kwanza: fyonza moshi wa bomba la ekzosi la gari lolote la petroli. Kisipogeuka, kimekufa, na bluu yake haikuambii kitu.

Udhaifu mkubwa ni huu: bluu si cheti cha uzima. Gasketi inaweza kuvujisha maji kwenye oili, au nje, bila gesi kuingia kwenye rejeta. Angalia kijiti cha oili kama kuna rangi ya uji wa maziwa. Ufa mwingine unafunguka injini ikilemewa tu, na mitaa ya Ngamiani ni tambarare mno kuulemea. Shaka ikibaki, panda mlima, acha injini ipoe, kisha pima tena, au fundi aifunge rejeta pampu ya presha aone kama inashuka.

Ikitoka njano, sasa uamuzi wa pesa. Kama gari lilizimwa mapema, kutengeneza kunalipa. Mdai fundi apime unyoofu wa hedi kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupima mwanya). Kwa injini ya 1NZ-FE ya Toyota IST na Vitz kikomo upande wa bloku ni milimita 0.05. Ikizidi, hedi isagwe. Bolti zinakazwa kwa mpangilio: Nm 29 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha zinazungushwa nyuzi 90, kisha 90 tena. Anayekaza kwa nguvu za mkono anakuandalia safari ya pili. Injini ya Toyota ya 2AZ-FE ya miaka ya mwanzo ya 2000 iogope: nyuzi (meno) za bolti kwenye bloku ya alumini hung'oka, na gasketi mpya bila kurekebisha nyuzi ni pesa ya bure.

Gari lililoendeshwa sindano ikiwa kwenye nyekundu hadi injini ikazima yenyewe ni kesi nyingine. Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza. Silinda zikiwa zimechubuka, injini ya mtumba inaweza kuwa nafuu. Baada ya matengenezo tumia kulanti (kimiminika maalumu cha rejeta) badala ya maji matupu. Huku hakuna barafu, lakini kulanti inazuia kutu, na maji ya visima vya pwani yenye chumvi yanakula alumini.

Injini ya mtumba nayo ikishafungwa, iwashe, ipate moto, uiwekee kipimo hicho hicho kabla hujamalizia pesa ya muuzaji.