Wachina wa Johannesburg: Commissioner Street au Cyrildene?

Johannesburg ina mitaa miwili ya Wachina, na haifanani hata kidogo.

Commissioner Street, magharibi mwa katikati ya jiji, ndio wa kale. Wakantoni na Wahakka, makundi mawili ya Wachina wa kusini, walifika baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886, lakini sheria ikawanyima leseni za kuchimba, wakaishia kufungua maduka. (Usiwachanganye na vibarua zaidi ya 60,000 walioletwa migodini kuanzia 1904, hao karibu wote walirudishwa kwao ilipofika 1910.) Vizazi vya wenye maduka hao ni Waafrika Kusini kabisa. Mwaka 2008 Wachina wa nchi hiyo walishinda kesi mahakamani Pretoria: ikatamkwa kwamba nao walionewa enzi za ubaguzi wa rangi, hivyo wanastahili kunufaika na sheria za kuwawezesha kiuchumi walioonewa enzi hizo. Leo mtaa wenyewe umepwaya; maduka na mikahawa iliyobaki ni michache.

Cyrildene, mashariki, ni habari nyingine. Zamani waliishi Wayahudi wengi; tangu miaka ya 1990 wageni kutoka China bara, wengi wa mkoa wa Fujian, wameijaza Derrick Avenue mabango ya Kichina, mboga za majani, tambi na samaki. Mlangoni pana tao kubwa la kuvutia wapiga picha.

Mwenye njaa aende Cyrildene. Mimi, kwa historia, ningeanza Commissioner, mchana kweupe, halafu chakula cha jioni nikale Derrick.