Safari ya kupiga picha Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano kaskazini mwa Tanzania: inalipa, ila gari sasa!

Jamani nimerudi juzi miguu bado inauma. Tulianza kupanda saa sita usiku ili tufike juu kabla jua halijachomoza, kijana wa Kimasai aliyetuongoza anajua mwanga balaa, ndo alotuonyesha pa kuweka tripodi. Lava ya Lengai (ule uji wa moto wa volkano) inatoka nyeusi kama oili chafu, ikipata unyevu haikawii kugeuka nyeupe, yaani kwenye picha unaona kabisa hii mpya hii ya zamani. Na kreta yenyewe, yaani lile shimo la juu, ni ya ile milipuko ya 2007 na 2008, picha za kabla ya hapo utadhani mlima mwingine! Ila gari la waliotupeleka lilizima mara mbili njiani kwenda Ziwa Natron na maji hayakutosha. Nyota nne. Funikeni kamera, vumbi lile ni magadi matupu.