Noah yangu iligonga miezi miwili, dawa ikawa linki

Noah yangu ni Toyota ya 2004, toleo la AZR60. Mwezi wa pili ilianza kugonga mbele: ko-ko-ko kwenye vijishimo vya barabara ya mtaani, mwendo wa 20 hivi. Kwenye lami kimya. Mke wangu alidhani ni jeki imelegea chini ya kiti.

Gereji ya kwanza fundi alibonyeza boneti mara mbili akasema, "Shokapu hizo." Zikafungwa mbili mpya, 320,000 pamoja na ufundi. Sikumaliza mita mia kutoka getini, ko-ko-ko. Niliporudi nikaambiwa zitazoea. Shokapu zizoee nini?

Jirani akanipeleka Tabata kwa fundi wa chini ya mwembe. Hakugusa spana. "Kaka, endesha wewe, mimi nisikilize." Tukazunguka njia ya vumbi, redio imezimwa. Tuliporudi, kijana wake akageuza usukani huku yeye ameweka kiganja kwenye springi: mautingi za juu (zinazoshika shokapu kwenye bodi) nzima. Akapiga jeki, akatingisha tairi juu na chini, kisha kushoto na kulia. Boljointi na tairodi, yaani viungo vya tairi na usukani, zimekaza. Akaingiza mtaimbo kwenye bushi (mipira) za mkono wa chini unaoshika tairi: moja ya kushoto imechanika.

Utaalamu wenyewe niliuona kwenye linki za stabilaiza, vijiti vifupi vinavyoshika ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Ukiinua upande mmoja tu kwa jeki, fimbo ya stabilaiza inavutika, na linki iliyokufa inaonekana imekaza. Basi akazifungua zote mbili, akanirudisha barabarani bila linki, polepole. Gari ililala zaidi kwenye kona, lakini ule mlio wa ko-ko-ko haukusikika tena.

Linki mbili mpya elfu 70, bushi elfu 25, ufundi elfu 40. Bolti ya bushi alikataa kuikaza gari likiwa juu. Alilishusha kwanza likae kwa uzito wake, maana ukikaza likining'inia mpira unabaki umejipinda na haukai muda.

Kasoro zake anazo. Aliniambia saa 2 asubuhi, akatokea saa 5. Risiti ni kipande cha daftari. Mashine ya alaimenti (ya kupanga tairi zikae sawa) hana, ikabidi niende kwingine nilipe tena.

Huu ni mwezi wa tatu tangu alitengeneze. Kinachogonga sasa ni mlango wa pembeni tu, na huo nimeshauzoea mwenyewe.