Walinizimia Liu Kang umeme ukiwa mkononi mwa Raiden

Naanza na yule dogo, maana nikianza na gemu lenyewe nitasahau hasira, na hasira ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika.

Ni sehemu ya gemu huko Sinza, si mbali na kituo cha Makaburini. Jina silitaji. Wanaoijua wataijua kwa feni lake linalogonga kama mtu anatwanga kisamvu. Nilikwenda kama wiki tatu zilizopita, labda mwezi, jioni moja ya lile joto la Dar linaloligandisha shati mgongoni kabla hujavuka barabara. Nikalipa elfu nne, saa mbili. Nikasema wazi kabisa: nataka Mortal Kombat 11, lile gemu la kupigana, nataka stori, sitaki kupigana na mtu. Dogo wa zamu akatikisa kichwa, macho kwenye simu. Sawa. Sikwenda pale kusalimiwa, ingawa "karibu kaka" haina kodi.

Nilikuwa nimeshacheza hapohapo siku mbili tatu kabla na kusevu, kwa hiyo nilikuwa ninakaribia mwisho. Katikati umeme ukakatika. Tukakaa gizani dakika ishirini, tunajipepea kwa vifuniko vya ndoo, watu wanasimulia habari za Simba na Yanga. Umeme ukarudi, nikaendelea. Silalamikii umeme, umeme ni mipango ya Mungu. Ninacholalamikia ni kwamba saa ya dogo haikukatika pamoja na umeme.

Sasa sikilizeni ilikatikia wapi. Na wasiolijua gemu hili wanivumilie, bila hapo hamtaelewa kwa nini mtu mzima mwenye watoto wawili alitaka kupigania pedi.

Liu Kang ni mpiganaji wa tangu mwanzo kabisa, tangu Mortal Kombat ya kwanza ya mwaka 1992. Kaka yangu alikuwa akimchagua yeye tu, kwenye Sega moja iliyochoka pale Magomeni, na lile teke lake la baiskeli alikuwa analipiga mpaka tunaozuia tunachoka vidole. (Kaka siku hizi ameokoka, yuko Kibaha, na ukimtajia gemu hili anaanza kukemea.) Kwetu Liu Kang alikuwa stelingi, na stelingi tulijua hafi. Banda zima la video lilijua hivyo, ndiyo maana watu walikuwa wanashangilia hata akifungwa kamba.

Basi kwenye ile ya mwaka 2011 wakamuua. Tena si adui aliyemuua. Raiden, mungu wa radi, mwalimu wake, mtu aliyemlea kwenye mapambano, ndiye aliyemuunguza kwa umeme. Ilikuwa bahati mbaya, nakubali. Wenzao karibu wote walikuwa wameshauawa na malkia Sindel, Kung Lao, rafiki wa Liu Kang, alishavunjwa shingo na Shao Kahn, mfalme wa maadui, na Raiden kila mara anasema ameona maono, ameona maono, halafu kila ono linaongeza maiti. Liu Kang akachoka. Akamgeukia mwalimu wake, mwalimu akajikinga, kijana akaungua. Alikuwa ameshinda mashindano yote waliyomtuma, na malipo yake ndiyo hayo.

Haikuishia hapo. Roho yake ikaangukia kwa mchawi Quan Chi, na mchawi akamfufua awe mtu wake huko Netherrealm, kuzimu yao. Kwenye ya mwaka 2015 ndipo tukamwona: ngozi imepasuka kama udongo wa shamba wakati wa kiangazi, na ndani ya nyufa kunawaka kaa. Macho ndiyo usiseme. Yuko na mpenzi wake Kitana, yuko na Kung Lao, wote wafu, wote upande wa adui. Sisi tuliokua naye tunaambiwa tumpige.

Nilimpiga, ndiyo, gemu halikupi chaguo. Lakini sikuwahi kufurahia ushindi ule. Na kitu kinachoniuma mpaka leo: stori ya ile ya 2015 ina sura 12, kila sura unashika mtu wake, na yeye hakupewa hata moja. Watoto wa wenzake, waliozaliwa juzi, wanazo. Yeye aliyekufa kwa ajili ya dunia hiyo wanayoilinda amewekwa getini kama mlinzi, apigwe, watu wapite. Palikuwa na nafasi ya kumrudisha. Mfu mwenzake Jax amerudishwa kuwa mtu, Sub-Zero amerudishwa, Scorpion amerudishwa. Halafu Scorpion huyohuyo, aliyeonja kurudishwa, akamkata Quan Chi kichwa kwa kisasi chake, na tumaini la waliobaki likaanguka pamoja na kile kichwa. Mwisho kabisa Raiden anashuka kuzimu. Nikasema sasa anakwenda kumwomba mwanafunzi wake radhi. Wapi! Kapeleka kichwa cha Shinnok, mungu mwovu, bado kinahema, kuwatishia.

Ndiyo maana kwenye 11 nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu. Pale wakati umevurugwa, Liu Kang kijana wa zamani analetwa siku za leo, kwa hiyo wako wawili: aliye hai na mfu. Raiden anapandwa na ghadhabu, anamvaa yule kijana, na unaona kabisa kinajirudia kilekile cha 2011. Umeme umeshamjaa mkononi. Kijana yuko mbele yake. Mimi nimesimama, pedi nimeishika kifuani kama mama kamshika mtoto kwenye daladala.

Tii. Kioo cheusi.

Nikadhani umeme tena. Nikaangalia juu, feni linagonga. Nikageuka. Dogo yuko nyuma yangu, waya mkononi, na pembeni yake vijana wawili wanaotaka gemu la mpira.

"Muda umeisha, bro."

Nikamwambia mdogo wangu, tulikaa gizani dakika ishirini, na hapa nimefika pabaya, niachie dakika tano tu nione. Nilisema kistaarabu. Nadhani nilisema kistaarabu. Akacheka kidogo, kile kicheko cha puani, akasema, "Stori si uangalie Yutubu? Na huyo kwani si msukule tu? Unamlilia msukule?"

Vijana wa mpira wakacheka na wao. Mimi nikatoka.

Kuzimiwa ningesamehe. Biashara ni biashara. Lile neno ndilo lililonifuata barabara nzima mpaka Shekilango, nimesimama bila kupanda gari, namjibu mtu ambaye hayupo. Kwa sababu si kweli! Msukule tunamjua sote, tumesimuliwa tangu utotoni. Mtu anachukuliwa kichawi, ndugu wanazika mgomba wakidhani ni yeye, kumbe anakatwa ulimi, anakula pumba, usiku analima shamba la mchawi wake. Msukule hasemi. Msukule hakumbuki. Hana hasira na mtu. Liu Kang wa kuzimu anakumbuka kila kitu. Ulimi anao, na kila akikutana na Raiden anautumia kumsomea mashtaka yake. Na mchawi wake alipokufa hakusambaratika wala hakurudi nyumbani kujikunyata nyuma ya banda la kuku, alikaa kwenye kiti na Kitana wake wakatawala. Huyo ni mtu aliyedhulumiwa, anadai. Kosa lake ni kwamba anadai akiwa maiti, na maiti kwa desturi haidai.

Hata mzimu sijui kama ni neno lake. Mzimu unaomba kutambikiwa, ukipewa haki yake unatulia. Huyu nani alimtambikia?

Basi siku ile nilikuwa nimeshaamua: nyota moja, na ningeweza kutoa nusu ningetoa nusu. Viti vichafu, feni bovu, pedi ya kulia kitufe cha teke kinazama hakirudi, mhudumu hana adabu, msiende. Niliandika hivyo kwenye simu kabisa, nikafuta, nikaandika tena.

Halafu nikarudi.

Msinicheke. Nilizunguka Mwenge, nikazunguka Kijitonyama, kila sehemu ni gemu la mpira tu, na hata ningelipata hilo gemu ningeanza moja. Na Yutubu sikuangalia makusudi, kwa ukaidi, ili dogo asije kuwa sahihi. Nikarudi siku ya mchana nikijua mwenyewe mwenye sehemu huwepo, mama mmoja mtu mzima anauza na barafu za ubuyu hapo mlangoni. Shikamoo mama. Marahaba baba. Nikamweleza habari ya dakika ishirini. Habari ya msukule nikaiacha, nilianza kuisema nikaona inavyosikika mchana kweupe. Mama akasikitika sana. "Samahani baba, hawa watoto hawa. Nitasema naye." Akanipa barafu moja ya bure. Dakika ishirini hakunipa.

Ndani dogo yuleyule. Nikakaa bila kumsalimia, na yeye bila kunisalimia. Kuwasha, nakuta mashine imejaa akaunti za watu, na nikasema kwa jinsi nilivyoondoka lazima ameifuta yangu. Nashuka, nashuka, naikuta. Ameibadilisha jina. Imeandikwa kwa herufi kubwa: MSUKULE USIFUTE.

Hapo sijui niwaelezeje. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Mtu aliyenidhihaki mbele ya watu, halafu akakaa baada ya kazi akaandika jina hilo ili wenzake wa zamu nyingine wasinifutie. Nikageuka kumwangalia, akajifanya anafuta kioo cha simu.

Basi nikaanza tena pale pale. Raiden na umeme wake, kijana mbele yake. Na safari hii hakupiga! Anaona maono, lakini maono ya maana kwa mara ya kwanza maishani mwake: wao wawili wamepigana hivi hivi, nyakati nyingi, dunia nyingi, na kila mara Kronika, mwenye kuushika wakati na kuuvuruga, ndiye aliyewasukuma, kwa kuwa anaogopa wakiungana. Kwa hiyo hata kile kifo cha 2011, tulichokibeba miaka yote hiyo, kilipangwa. Nilikaa chini. Kitu ambacho hawa waandishi wa gemu walishindwa kunipa kwa sura 12, walinipa kwa dakika moja, na nakiri nilifumba macho kidogo kwa sababu ya vumbi la feni.

Halafu yule mfu anamchukua yule aliye hai, anajimezea roho yake mwenyewe, na Raiden anamfuata huko huko. Sasa ndiyo nimejikaza, pedi mkononi, nasubiri nione mwalimu atafanya nini mbele ya yule aliyemuua. Nyuma yangu, karibu kabisa na sikio, nasikia:

"Subiri sasa, hapo wanaungana wote, anakuwa mungu wa moto."

Jamani. Jamani! Nimesubiri mwezi. Nimezunguka Mwenge na Kijitonyama. Nimefunga Yutubu kama mtu aliyefunga Ramadhani. Na dogo ananimalizia uhondo sekunde kumi kabla. Nyota zote nilizokuwa nimempa kimoyomoyo nikazinyang'anya. Nikamwambia, "Dogo, hivi wewe unanichukia?" Akasema hapana bro, samahani, nilidhani umeshaangalia.

Ikawa kama alivyosema. Raiden anatoa umungu wake, mfu na hai na mungu wanakuwa mmoja, kuna moto, kuna joka, ni pazuri, siwezi kusema si pazuri. Vijana wa mpira walikuwa wameshaingia, safari hii watatu, wanagonga kiti. Nikawasikia wanamwambia dogo muda wa huyu si umeisha? Akawajibu, "Tulieni, bro anamalizia."

Akakaa kwenye ndoo pembeni yangu. Tukaangalia. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, si ya kejeli, "Sasa yule wa nyufa nyufa ameenda wapi? Yumo humo ndani, au ndiyo basi?"

Sikuwa na jibu. Nikasema yumo. Akasema mbona hasira yake haionekani tena, huyu mpya mbona ametulia hivi. Nikasema labda amesamehe. Akasema, "Amesamehe bila kuombwa radhi?" Na hapo ndipo tulipobishana, mimi na yeye, mpaka wale watatu wakaenda kununua barafu kwa mama wakarudi, na mmoja wao akaingilia akiwa hajui hata majina.

Kuhusu nyota, ninaweka tatu. Mbili. Gemu linastahili zaidi, ila si la kwao. Kile kitufe cha teke bado kinazama, nimemwambia. Na nilipokuwa natoka dogo akanidai mia tano ya muda uliozidi, nikampa. Zile dakika ishirini za umeme mpaka leo sijarudishiwa.